Medani: neno la farasi lililogeuka uwanja wa umma

Msomaji wa magazeti ya Kiswahili hukutana na neno medani mara kwa mara. Jeshi limefunga mazoezi ya medani. Timu ya taifa imeng'ara katika medani za kimataifa. Mwanasiasa mkongwe amerejea kwenye medani ya siasa baada ya kimya kirefu. Muulize msomaji huyo maana yake, naye atakujibu bila kusita kwamba ni uwanja wa mapambano, na kamusi zitamuunga mkono. Lakini akiombwa ataje medani moja, mtaa ilipo na daladala inayofika huko, hapo atakwama. Medani yetu haina anwani.

Kwingineko neno hilohilo lina anwani kamili. Mjini Kyiv lina hata kituo cha treni ya chini ya ardhi. Kolkata ni uwanda wa majani katikati ya jiji, Isfahan ni uwanja uliozungukwa na matao, Cairo ni mzunguko wa magari ambako rais aling'olewa. Malaysia, ambako wamelitohoa kama sisi, ukumbi wa vibanda vya vyakula huitwa medan selera, yaani medani ya hamu ya kula. Neno ni moja, na kila lilikotua limepewa kazi nyingine.

Nalifuatilia neno hili kwa sababu linabeba swali linalonigusa sana: uwanja huwaje mali ya umma? Karibu kila medani ninayoijua ilisafishwa na mtawala kwa haja zake mwenyewe. Wananchi walikuja kuirithi baadaye, mara nyingine kwa kumwaga damu.

Mzizi unaogombewa

Kiswahili kimelipokea kutoka Kiarabu, maydān, na sauti zake zimepita njia tuliyoizoea. Shaytān alipofika pwani alikuwa shetani, shaykh akawa shehe, khayr ikawa heri. Maydān ikawa medani kwa kanuni hiyohiyo.

Mgogoro uko nyuma ya hapo. Kamusi kubwa za kale za Kiarabu huliweka neno hili chini ya mzizi wa herufi mim, ye na dal, wenye maana ya kuyumba, kwenda huku na huku. Wasomaji wa Qurani wanaujua mzizi huo. Sura ya An-Nahl inaeleza kwamba milima imewekwa ili ardhi isiwayumbishe watu, na kitenzi kilichotumika pale ni hicho. Maida, meza ya chakula iliyoipa jina sura ya tano, nayo huhesabiwa katika ukoo huo. Kwa maelezo haya, maydān ni mahali farasi wanapokwenda na kurudi, wakigeuzwa na kuzungushwa mpaka watii.

Maelezo ya pili yanatoka kwa wataalamu wa lugha za Kiajemi. Wao wanaona neno hili ni la Kiajemi cha kabla ya Uislamu, na kwamba Waarabu walilichukua pamoja na maneno mengine mengi ya kasri, jeshi na utawala. Wanalifunga na familia ya maneno yenye maana ya katikati: mayān ya Kiajemi, madhya ya Kisanskriti, medius ya Kilatini. Wakiwa sahihi, basi medani ni ndugu wa mbali wa Mediterania, bahari iliyo katikati ya nchi kavu.

Naegemea upande huu wa pili. Mchezo wa farasi uliozipa medani za kale umaarufu ulitoka Uajemi, na si jambo geni neno kuja pamoja na kitu chake. Kwamba Waarabu walilipatia mzizi wa kwao hakunishangazi hata kidogo, maana nasi tumefanya hivyo. Tulipokea kitāb ya Kiarabu, tukaisikia ki- ya mwanzo kama yetu, tukazaa vitabu. Lugha hai humpa mgeni ukoo.

Maneno ya Ulaya kwa mahali pa namna hii yana asili tofauti kabisa. Piazza ya Kiitaliano, plaza ya Kihispania, place ya Kifaransa na Platz ya Kijerumani yote yanarudi kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya pana, yaani barabara pana. Warusi husema ploshchad, kwa maana ya tambarare. Agora ya Wagiriki wa kale inatokana na kitenzi cha kukusanyika. Medani ilianza na kwato.

Nafasi tupu huhitaji amri

Mwaka 868 Ahmad ibn Tulun aliingia Misri kama gavana wa dola ya Abbasiya, na haukupita muda mrefu akaanza kujitawala. Alijenga mji wake mpya, al-Qata'i, karibu na Fustat, na kando ya kasri akaweka maydān pana ya farasi. Msikiti wake, uliomalizika mwaka 879, umesimama hadi leo. Medani yenyewe imemezwa na mitaa ya Cairo.

Baada yake kila aliyetaka kuonekana mtawala alijenga ya kwake. Wamamluki, waliotawala Misri na Sham kuanzia mwaka 1250, walikuwa askari walionunuliwa wakiwa vijana na kulelewa juu ya farasi. Kwao medani ilikuwa darasa: kuchoma kwa mkuki, kukata kwa upanga, kupiga mshale shabaha iliyo juu ya mlingoti huku farasi yuko mbioni. Na hapo hapo walicheza chawgan, mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo juu ya farasi ambao leo dunia inauita polo. Haukuwa mchezo wa kujipumzisha. Qutb al-Din Aibak, sultani wa kwanza wa Delhi, alifariki Lahore mwaka 1210 kwa kuanguka na farasi akiwa anaucheza.

Mji wa kale wa Mashariki ya Kati ulikuwa wa vichochoro, nyumba kuta kwa kuta, kila pembe ikigombewa na duka, kisima au kaburi. Katika mji kama huo kipande cha ardhi tambarare kisichojengwa hakibaki hivyo kwa bahati. Lazima awepo mtu mwenye nguvu za kuwazuia watu wasijenge, wasilime, wasifuge. Utupu wa medani ulikuwa tangazo la mamlaka kabla farasi hajakanyaga. Ndiyo maana neno liliweza kusafiri mbali na farasi: kilichobaki ni wazo la mahali palipoachwa wazi kwa amri.

Isfahan, pale medani ilipofunguliwa

Medani maarufu kuliko zote ipo Isfahan, Iran. Shah Abbas wa Kwanza alihamishia makao yake makuu huko mwaka 1598, na kazi ya kujenga uwanja mpya ikaanza. Jina lake ni Naqsh-e Jahan. Mswahili ahitaji mkalimani? Naqsh ni nakshi yetu, ile ya milango ya Lamu na Unguja, na jahan ni ulimwengu. Nakshi ya Ulimwengu.

Uwanja una urefu wa takriban mita 560 na upana wa mita 160. Ndani yake ungeweza kupanga viwanja 10 vya mpira wa miguu na nafasi ikabaki. Umezungushiwa matao ya ghorofa mbili, na kila upande una mlango wa jambo lake. Kusini ni msikiti mkuu wa Shah. Mashariki ni msikiti wa Sheikh Lotfollah, mdogo, hauna minara, na kuba lake la rangi ya maziwa hubadilika kadiri jua linavyosogea. Magharibi ni kasri la Ali Qapu, lenye kibaraza cha juu chenye nguzo za mbao, ambako Shah alikaa na wageni wake kutazama chini. Kaskazini ni lango la Qeysarieh, linalokuingiza sokoni.

Dini, dola na biashara vimetazamana hapo kwa uso, na katikati yao hakuna kitu. Mpango huu unanivutia kuliko jengo lolote lililouzunguka. Siku za michezo Shah alitazama polo, na milingoti ya mawe ya magoli bado imesimama kwenye ncha mbili za uwanja. Siku nyingine wachuuzi walitandaza mahema na mikeka, wauza matikiti, mafundi, wasimulizi wa hadithi na wacheza mieleka wakagawana eneo. Wasafiri wa Ulaya waliofika Isfahan katika karne ya 17 waliandika kwa mshangao juu ya msongamano ule. Amri ilipotoka, mahema yaling'olewa na uwanja ukawa wa mfalme tena. Umma ulikuwa mpangaji hapo, siku yoyote ungeweza kuambiwa ondoka.

Hata jina lilifuata mamlaka. Ulikuwa uwanja wa Shah, na baada ya mapinduzi ya mwaka 1979 ukawa uwanja wa Imam. Mwaka huohuo UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Watu wa Isfahan wengi wanaendelea kusema Naqsh-e Jahan.

Mizinga ya Kolkata

Nchini India neno lilifika pamoja na watawala waliotumia Kiajemi, likatulia katika lugha za huko kama maidan. Kisha Waingereza wakalikuta na kulitumia kwa jambo lao.

Baada ya vita vya Plassey vya mwaka 1757, Kampuni ya Uingereza ya East India iliamua kujenga ngome mpya, Fort William, kando ya mto Hooghly. Wakazi wa kijiji cha Gobindapur walihamishwa. Msitu ulikatwa. Sababu ilikuwa ya kijeshi kabisa: mizinga ya ngome inahitaji uwazi mbele yake, adui asipate ukuta wa kujificha. Uwazi huo ndio Maidan ya Kolkata, takriban hekta 400 za majani katikati ya moja ya miji iliyosongamana zaidi duniani. Mpaka leo ardhi hiyo iko chini ya jeshi la India. Mumbai nako ni hivyohivyo. Uwazi ulioachwa mbele ya ngome ya Waingereza uligawanywa baadaye, ukazaa Azad Maidan, Cross Maidan na Oval Maidan.

Mizinga haikufyatuliwa kwa adui yeyote Kolkata, lakini majani yalibaki, na watu wakaingia. Vilabu vya mpira vya Mohun Bagan na East Bengal vina makao yao hapo Maidan. Tarehe 29 Julai 1911 Mohun Bagan iliifunga timu ya kikosi cha Uingereza cha East Yorkshire mabao 2 kwa 1 katika fainali ya ngao ya IFA, wachezaji wake karibu wote wakiwa pekupeku mbele ya wanajeshi waliovaa viatu. Ilikuwa mara ya kwanza timu ya Wahindi kutwaa ngao hiyo. Uwanda uliosafishwa ili ngome iwe salama ukawa mahali ambapo aliyetawaliwa alimshinda mtawala wake mchana kweupe.

Baada ya hapo mpira ukafuatwa na siasa. Tarehe 8 Agosti 1942, kwenye uwanja wa Gowalia Tank mjini Mumbai, Mahatma Gandhi aliwataka Waingereza waondoke India. Leo unaitwa August Kranti Maidan, maidan ya mapinduzi ya Agosti. Na Dhaka, uwanja wa mbio za farasi walioutumia Waingereza ndipo kiongozi Sheikh Mujibur Rahman aliposimama tarehe 7 Machi 1971 akawaambia Wabengali kwamba mapambano ya safari hii ni ya uhuru. Tarehe 16 Desemba mwaka huo jeshi la Pakistan lilitia saini ya kujisalimisha palepale. Farasi, wakoloni, kisha taifa jipya, vyote juu ya udongo mmoja.

Ndugu wa kweli na ndugu wa jina

Kabla ya kwenda Kyiv inafaa kuondoa utata mmoja. Ukitazama ramani ya Ulaya ya Mashariki utaona Majdan nyingi: Poland, Ukraine, hata Serbia. Si zote zina asili moja.

Poland na Ukraine neno liliingia kupitia lugha za Kituruki, hasa za Watatari. Lilitumika kwa uwanja wa kambi ya jeshi, kwa uwanja wa soko, na pia kwa eneo lililofyekwa msituni ambako walichoma miti kupata lami na majivu ya viwandani. Vijiji vingi vilivyozaliwa katika mifyeko hiyo vikaitwa Majdan. Kitongoji cha Lublin kiitwacho Majdan Tatarski, Medani ya Watatari, ndicho kilichoipa jina Majdanek, kambi ya mauaji ya Wanazi ya miaka ya 1941 hadi 1944. Inauma kuona neno hili limefikia hapo, lakini lilifika.

Majdanpek ya Serbia ni habari nyingine. Huo ni mji wa migodi ya shaba, na majdan yake inatoka kwenye maden ya Kituruki, ambayo ni ma'din ya Kiarabu. Hiyo tunayo pia: madini. Sauti zimegongana tu. Mswahili anayezijua medani na madini anaweza kutenganisha kwa sikio kile ambacho Mserbia lazima akitafute kwenye kamusi.

Kyiv: uwanja unapokuwa kitenzi cha historia

Maidan ya Kyiv ilipo leo palikuwa bonde la matope nje ya ukuta wa mji wa kale, karibu na lango la Lyadski, ambako Wamongolia wa Batu walivunja na kuingia mwaka 1240. Uwanja uliozaliwa hapo karne nyingi baadaye ulibadilishiwa jina kila utawala ulipobadilika. Uliwahi kuitwa wa Khreshchatyk, wa baraza la mji, wa Kisovieti, wa Kalinin, na tangu mwaka 1977 wa Mapinduzi ya Oktoba. Mwaka 1991 Ukraine ilipojitangazia uhuru, ukaitwa Maidan Nezalezhnosti, Uwanja wa Uhuru.

Uchaguzi wa neno maidan, badala ya ploshcha iliyotumika enzi za Wasovieti, ulikuwa na uzito. Ploshcha inafanana mno na neno la Kirusi. Maidan ilikuwa ya soko la kijijini na ya nyika za kusini, ikasikika kuwa ya Waukraine wenyewe. Neno la Kiajemi, lililopita kwa Waturuki, likawa alama ya utaifa wa Waslavi.

Wanafunzi walikuwa wameshapiga mahema hapo Oktoba 1990, wakagoma kula kwenye sakafu ya mawe mpaka waziri mkuu akajiuzulu. Mwaka 2004 umati ulijaa tena kupinga matokeo ya uchaguzi wa rais, na duru ikarudiwa. Halafu ikaja jioni ya tarehe 21 Novemba 2013. Serikali ya Rais Viktor Yanukovych ilikuwa imesitisha maandalizi ya kutia saini mkataba na Umoja wa Ulaya, na mwandishi wa habari Mustafa Nayyem akaandika kwenye Facebook kuwaomba watu wakutane chini ya mnara wa uhuru saa nne na nusu usiku, wavae nguo za joto na wabebe chai. Nayyem alizaliwa Kabul, Afghanistan, nchi ambayo maidan ni neno la kila siku.

Maandamano yaliyoanza usiku ule yalidumu miezi mitatu. Zilijengwa kuta za matairi na magunia ya theluji, yakapikwa masufuria makubwa ya supu, ikaanzishwa maktaba, zahanati, vikosi vya ulinzi vilivyopangwa kwa mamia kama vya Wakozaki wa zamani. Kati ya tarehe 18 na 20 Februari 2014 risasi zilimiminwa. Zaidi ya watu 100 walikufa katika kipindi chote cha maandamano, nao hukumbukwa kama Mia ya Mbinguni. Tarehe 22 Yanukovych alikuwa ameshakimbia.

Kilicholipata neno baada ya hapo hakijawahi kulipata popote. Maidan iliacha kuwa mahali tu. Watu walianza kuuliza ulikuwa wapi wakati wa Maidan, kama sisi tunavyosema wakati wa Vita vya Kagera. Misafara ya magari ya waandamanaji iliitwa Automaidan, harakati nzima Euromaidan, na wapinzani wake Antimaidan. Neno la uwanja wa farasi wa mfalme sasa lilimaanisha tendo la wananchi kukataa kuondoka.

Majina tunayoyaelewa bila kujua

Habari za Cairo mwaka 2011 zilitangazwa kwa Kiswahili kwa wiki nyingi, na wasikilizaji wakazoea Uwanja wa Tahrir. Awali uliitwa Midan al-Ismailiyya, kwa jina la Khedive Ismail, aliyetawala kati ya 1863 na 1879 na kuijenga upya Cairo akiitazama Paris. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1952 ukapewa jina la Tahrir, ukombozi. Katika Kiarabu taḥrīr ina maana mbili, kukomboa na kuhariri, na sisi tumeichukua hiyo ya pili: ni tahariri ya gazeti. Kwa siku 18, tangu Januari 25 hadi Februari 11, mzunguko ule wa magari uligeuka mji, na Hosni Mubarak akaondoka baada ya takriban miaka 30 ya kutawala.

Istanbul kuna Taksim Meydanı. Jina linatokana na tangi la kugawia maji lililojengwa mwaka 1732 wakati wa Sultani Mahmud wa Kwanza: maji yaliletwa kutoka misitu ya kaskazini, na pale yakagawanywa kwenda mitaani. Afisa wa serikali Dodoma anayesema amekasimiwa madaraka anatumia mzizi huohuo, na mpiga ala ya kanuni wa taarabu anayeanza na taksimu peke yake kabla kundi halijaingia anautumia vilevile. Mwaka 2013 jaribio la kukata miti ya bustani ya Gezi, ubavuni mwa uwanja huo, liliamsha maandamano yaliyoenea Uturuki nzima. Tripoli nako, Libya, kuna Maydān al-Shuhadā', ya mashahidi.

Tahariri, kukasimu, nakshi, mashahidi. Funguo za majina haya zote tunazo mfukoni. Inasikitisha kwamba hatufundishwi kuzitumia.

Kwa nini medani yetu haina ardhi

Turudi nyumbani. Kiswahili kilichukua nusu ya neno, ile ya mapambano, kikaiacha nusu ya mahali. Naona sababu mbili.

Ya kwanza ni farasi. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki mbung'o na ugonjwa anaoueneza waliwamaliza farasi, na hata pwani hawakuwa wengi. Lamu ilisonga kwa punda na majahazi. Sultani asiye na jeshi la farasi hahitaji mahali pa kulifunzia, na mji wa mawe usingepoteza ardhi kwa ajili yake.

Ya pili ni kwamba haja ya kukutana ilikuwa imeshapata pa kukaa. Mji wa Kiswahili uliwakusanya watu ukutani, juu ya baraza, ile benchi ya mawe mbele ya nyumba ambapo kahawa hunywewa, posa hujadiliwa na habari za mjini hupimwa. Neno hilo nalo lina asili ya Kiarabu, kwenye mzizi wa kujitokeza hadharani. Oman barza ni kikao ambacho mtawala au liwali hupokea watu na mashauri yao, na Kongo barza ni ukumbi wa mbele ya nyumba. Kwetu baraza ilipanda kutoka benchi hadi Baraza la Mawaziri. Penye nafasi kubwa zaidi mti ndio ulioweka jina: Mkunguni pale Lamu mbele ya ngome, Mnazi Mmoja kule Unguja na Dar es Salaam.

Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam yastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ina historia ya medani ingawa haikupewa jina hilo. Waingereza waliiacha wazi makusudi, iwe ukanda wa kuwatenga Wazungu na Wahindi wa mjini na Waafrika wa Kariakoo. Iliitwa hatua ya afya. Ilikuwa ubaguzi uliopimwa kwa kamba ya mpima ardhi. Na ukanda huo huo, pamoja na Jangwani, ukapokea mikutano ya TANU, watu waliotengwa nao wakaujaza kudai nchi yao. Leo mnara wa Mwenge wa Uhuru umesimama hapo. Kolkata walisafisha kwa ajili ya mizinga, Dar es Salaam kwa ajili ya rangi ya ngozi, na kote kuwili wenye nchi waliingia.

Nairobi imekwenda hatua moja zaidi, ile ya Kyiv, na ilitangulia. Uwanja wa Kamukunji uko mashariki ya katikati ya jiji, karibu na Gikomba na Pumwani. Mwaka 1990 wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walitangaza mkutano wa kudai vyama vingi ufanyike hapo tarehe 7 Julai. Serikali ikaupiga marufuku, ikawaweka wawili hao kizuizini siku chache kabla. Watu walikwenda hata hivyo, wakapigwa, wengine wakauawa katika ghasia za siku zilizofuata, na tarehe hiyo ikabaki Saba Saba. Tarehe 16 Novemba 1991 viongozi wa FORD, vuguvugu la kudai vyama vingi, walijaribu tena palepale na polisi wakawatawanya. Mwezi uliofuata kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja, kilifutwa.

Jina la uwanja halikubaki pale uwanjani. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya wakiwa na malalamiko juu ya karo au chakula huitisha kamukunji, hata kama ni kwenye ngazi za bweni. Bungeni, Spika akitaka kuzungumza na wabunge nje ya kikao rasmi, huitisha kamukunji, na inaandikwa kwa herufi ndogo.